Nyota Sita Zenye Chumvi

Tongoni,
Jumamosi, 14 Machi 1987

Umehitimu! Umehitimu, Khairat, na Tongoni nzima inajua, na Mabawa wanajua, na jana nimempa habari mtu wa Mwera aliyekuja kutafuta mbuzi wake, akasimama kunisikiliza hata mbuzi akamsahau.

Sasa ndiyo salamu. Mimi mama yako mzima, alhamdulillahi, ila miguu imepasuka kidogo kwa maji ya chumvi, jambo la kila mwaka. Barua yako niliipata Jumatano. Mama yako mdogo Sabiha aliitoa posta mjini akaileta mwenyewe kutoka Mabawa, kwa vile bahasha ilikuwa nene akadhani mna picha. Akataka kunisomea. Nikamwambia, Sabiha, cheti changu cha elimu ya watu wazima kimetundikwa pale ukutani, hukioni? Nikasoma mwenyewe. Nilipofika pale uliposema, "Mama, nimemaliza kuandika kitabu changu, sasa kiko kwa Profesa anakisoma," sikuweza kuendelea. Nilipiga vigelegele mpaka Najat akatoka kwake na mwiko mkononi akauliza, "Mize, nani kaoa?" Nikamwambia, "Hakuoa mtu. Khairat kahitimu."

Unamjua Najat. Majaruba yake ya kukaushia chumvi yamepakana na yetu tangu baba yako Haroub yu hai, Mungu amrehemu, na hajawahi kukosa la kusema. Akaniambia, "Mwana wa Mize kaenda mpaka Australia kuhesabu nyota, na mama yake yuko hapa anahesabu makapu ya chumvi." Nikamuuliza, "Na wako wanahesabu nini?" Akarudi jikoni.

Siku ile ile nilimwendea Mwalimu Abdulwakil aliyekusomesha Kurani chuoni. Nikamweleza kwamba ni kama kwake: mtoto akishafika mwisho wa juzuu zote, mwalimu anafunga msahafu, watu wanakula karamu ya hitima, na hakuna wa kumuuliza tena. Kafurahi sana. Kasema atakusomea maulidi yeye mwenyewe, maana mtoto wa kike wa chuo chake kuhitimu mpaka huko hajapata kusikia. Sabiha kaahidi mchele. Watu wa Mwera wameahidi nazi na kondoo. Siku hizi ni ruksa, mwanangu, si kama ulivyotuacha mwaka wa themanini na mbili, tunapanga foleni kutwa nzima tunarudi na nusu mche wa sabuni. Maduka yamejaa. Wanachosubiri watu ni neno moja tu kutoka kwako, kwamba unafika lini.

Jambo jingine. Wananiuliza umegundua nini huko juu. Ninawaambia ni mambo makubwa. Najat kaniuliza makubwa gani, nikakohoa. Niandikie basi, kwa maneno ya kunifaa mimi nisiyesoma sana.

Chumvi mwaka huu nzuri, majaruba yamejaa, usiwe na wasiwasi wowote.

Mimi mama yako, kichwa juu,
Mize binti Yakoub

*

Australia,
11 Aprili 1987

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako imefika. Nimecheka habari ya mbuzi, nikasoma tena. Mama, ungengoja kidogo. Kuna mambo madogo madogo bado. Lakini hayo tuyaache, umeniuliza swali na mimi nimefurahi kuulizwa, maana hapa hakuna anayeniuliza kwa lugha yangu.

Mwezi wa kumi, baada ya magharibi, ukisimama nyuma ya nyumba ukatazama kusini, upande wa Pangani, chini kabisa karibu na minazi, iko nyota iliyofifia kama imefutwa na kitambaa. Siyo nyota moja. Ni nyota laki na malaki zimerundikana pamoja kama chumvi ndani ya kapu. Marundo kama hayo yako mengi, nayo ni makongwe kuliko karibu kila kitu unachokiona angani. Kazi yangu ya miaka mitano ni rundo hilo moja.

Watu wote wa elimu hii walikuwa wanaamini kwamba nyota za rundo moja ni ndugu wa siku moja: wingu moja lilijikusanya, likazizaa zote kwa pamoja, kwa hiyo zote zina vitu vile vile ndani yake. Sisi hatuwezi kwenda kuzionja. Tunachukua mwanga wa nyota moja, tunaupitisha kwenye chombo kinachoutandaza rangi kwa rangi, na kati ya rangi mna mistari myeusi. Kila kitu kina mstari wake. Mmoja ni wa sodiamu, ambayo ni nusu ya chumvi unayoikwangua wewe kila siku. Mwingine wa naitrojeni. Mwingine wa kaboni. Ukijua kusoma mistari, unajua nyota ina nini tumboni.

Basi walipoanza kuzisoma moja moja, wakaona ajabu. Ndugu hawafanani. Nusu zina sodiamu nyingi na naitrojeni nyingi, nusu hazina. Na hizo mbili hazichanganyiki, kama watu wa mitaa miwili.

Kwa nini? Hapo ndipo watu wanapogombana. Wengine wanasema nyota zenyewe zinajipika. Zikizeeka zinavimba, zinakuwa nyekundu, na vilivyoko chini vinapanda juu, kama sufuria unayoikoroga. Wengine wanasema hapana, zilizaliwa hivyo: wa kwanza walizaliwa, wakazeeka, wakapumua majivu yao, na kutokana na majivu hayo wakazaliwa wengine. Kwa macho yetu ni rundo moja, kumbe ni vizazi viwili vinaishi nyumba moja.

Njia ya kujua ni kutazama zile nyota ndogo sana, ambazo hazijazeeka na haziwezi kupika kitu kama hicho. Zikiwa nazo zinatofautiana, basi zilizaliwa zikitofautiana. Lakini ni hafifu mno, Mama. Nyota moja inakula nusu ya usiku. Mimi nimepata kumi na nne.

Mwambie Najat hayo. Msalimie Mwalimu, mwambie shikamoo yake.

Mwanao,
Khairat

*

Tongoni,
9 Mei 1987

Khairat mama,

Ramadhani inaendelea, masika yamefurisha majaruba yote, hakuna kazi, watu tumekaa vibarazani tunangoja magharibi. Nafasi nzuri ya kuhutubia. Nimewapa habari yako yote, neno kwa neno, barua mkononi. Nimewaambia nyota ni ndugu wasiofanana, na mwanangu ndiye anayejua kwa nini. Mwalimu Abdulwakil kasema subhanallah mara tatu. Hata Najat kaacha kusuka ukili akasogea karibu, na unajua hilo ni jambo la kuandikwa.

Halafu akafungua kinywa. "Sasa Mize, ni ipi? Zilijipika au zilizaliwa hivyo?" Nikamwambia hiyo imo kitabuni, atakuja kuisema Khairat mwenyewe siku ya hitima. Akasema, "Hitima gani, mwenyewe hayuko?" Nilikuwa na saumu yangu, nikaenda zangu kukoroga uji.

Lakini mwanangu, nimesoma barua yako tena na tena na sijaona siku. Umeandika "mambo madogo madogo". Madogo gani hayo yasiyokwisha? Mtu akishamaliza amemaliza. Sabiha keshanunua mchele, kauweka chini ya kitanda, kila nikienda Mabawa ananionyesha. Ana khanga mpya ya siku hiyo, doti nzima, mimi na yeye sare. Nitumie picha ya cheti, hata kama ni ndogo, na siku ya ndege.

Madukani sasa iko chumvi ya pakiti kutoka nje, nyeupe kama unga wa ngano. Haina ladha. Ya kwetu bado ndiyo chumvi, na wateja wangu wa zamani hawanitupi.

Nimechoka kidogo kwa saumu na umri. Miaka mitano sijakuona, Khairat. Ulipoondoka nilikuwa na nywele nyeusi.

Mama yako

*

Australia,
6 Juni 1987

Mama yangu, shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri.

Nimeandika barua hii mara tatu. Hii ndiyo ya nne na ndiyo ninayoituma.

Sijahitimu. Huku siyo kama chuoni kwa Mwalimu. Ukifika mwisho wa kitabu ndiyo kwanza wanaanza kukuuliza. Profesa anakisoma, halafu wanakisoma wengine watatu nisiowajua, na wakikikataa hakuna cheti. Nilipoandika "nimemaliza" nilikuwa na furaha ya siku moja, nikakosa kukufafanulia. Ulipojibu umeshaita watu, nikaona haya kukusahihisha. Nisamehe.

Hili ndilo jambo lenyewe. Katika zile nyota ndogo kumi na nne, sita zina sodiamu nyingi na naitrojeni yake. Nane hazina. Maana yake zilizaliwa hivyo, kwani hizi hazijui kupika. Profesa kaniita akasema zile sita ni makosa. Mji ulio chini ya mlima wetu wa darubini una taa za barabarani za manjano, na zile taa ndani yake mna sodiamu. Mwanga wake unapanda hewani unaingia kwenye chombo chetu, na sisi lazima tuupime na kuutoa. Anasema nimetoa mno usiku uliokuwa na ukungu, ndiyo maana mstari wa chumvi umekuwa mweusi kuliko ulivyo. Ile naitrojeni nayo anasema ni hafifu, haitoshi kuniokoa.

Mimi nina jibu, lakini jibu langu ni jembamba. Usiku mmoja wa ukungu nilisoma nyota mbili, moja baada ya nyingine. Moja ikatoka na chumvi, nyingine bila. Taa haziwezi kuchagua. Usiku mwingine ikawa hivyo hivyo. Anasema mara mbili haitoshi, na kweli haitoshi.

Nikizitoa zile sita, zinabaki nane zinazofanana, kitabu kinanyooka, naye anatia sahihi. Mwezi wa tisa niko nyumbani. Nisipozitoa, lazima nisubiri rundo lirudi juu vizuri, niombe usiku mwingine, nisome nyota nyingine ndogo. Ufadhili wa masomo yangu unakwisha mwezi wa nane. Baada ya hapo itakuwa kufua mashuka hotelini mchana na kupanda mlimani usiku. Mwaka mwingine, pengine na zaidi.

Yeye si mtu mbaya, Mama. Anaamini anachosema. Ila amefundisha miaka ishirini kwamba nyota zinajipika zenyewe.

Nimechoka mpaka nikisoma namba zinahama. Niambie nifanye nini.

Khairat

*

Tongoni,
2 Julai 1987

Zitoe.

Umesema una kumi na nne, nane zinatosha. Nani atakuja Tongoni kuhesabu? Profesa ndiye mwalimu wako. Mwalimu akisema hapa umekosea, unafuta, unasoma upya, hivyo ndivyo ulivyofundishwa hapa na hukufa.

Mimi nimesema mbele za watu kwamba umehitimu. Nimesema msikitini kwenye baraza la wanawake, nimesema sokoni, nimesema Mwera. Hukuniambia mapema. Sasa nirudi niseme nini? Kwamba mwanangu anafua mashuka ya watu?

Nyota sita ni nini, Khairat? Sita! Njoo nyumbani.

Mama yako

*

Australia,
9 Agosti 1987

Mama, shikamoo.

Nimezitoa. Nilikaa na kalamu siku mbili, halafu ikawa kazi ya nusu saa. Nimefuta kurasa kumi na moja na picha mbili. Sasa kitabu kinasema nyota ndogo zote ni sawa, na kwamba nyota za rundo hili zinajipika zenyewe uzeeni. Profesa kasoma, kanishika bega, kasema sasa ni kazi safi.

Nitakipeleka ofisini Ijumaa tarehe 11 Septemba. Kikishapokelewa hakirudi. Watu watatu watakisoma, hawatakuwa na la kuuliza, kwa sababu nimeondoa kila kitu cha kuulizwa. Mwishoni mwa Septemba nitapata ndege.

Nina ombi moja. Siku ya hitima nitavaa utakachonipa, nitakaa utakaponiweka, nitakula. Lakini usinisimamishe niwaeleze watu. Na wewe usiniulize tena habari ya nyota.

Mwanao,
Khairat

*

[Simu ya maandishi]

TANGA 31 AGOSTI 1987
USIPELEKE KITABU. BARUA INAKUJA. MAMA

*

Tongoni,
Jumatatu, 31 Agosti 1987

Khairat mwanangu,

Nimetoka mjini sasa hivi kukupigia simu ya maandishi. Yule bwana wa posta aliniambia niongeze maneno, nikamwambia hayo yanatosha, atayaelewa. Naomba Mungu yakukute kabla ya tarehe 11. Sikulala kwa hesabu hiyo ya siku.

Kwanza nikwambie mimi uongo wangu. Nilikuandikia majaruba yamejaa. Yamejaa kweli, ila chumvi haina mnunuzi. Ile ya pakiti imeingia kila duka, watu wanaipenda kwa weupe. Wateja wa zamani niliosema hawanitupi wamenitupa wote, kabaki mmoja, Timotheo wa Bumbuli. Unamkumbuka, yule Mshambaa mrefu anayekuja na lori mara mbili kwa mwaka, anapeleka chumvi milimani.

Unajua kazi hii. Jaruba likikauka, unakwangua ya juu, ile nyeupe, unaiweka kando. Ya chini iliyoshika tope unaikwangua mwisho, na hiyo ni ya ngozi na ng'ombe, inauzwa peke yake. Baba yako hakupata kuzichanganya hata siku moja. Nami mwaka huu nimezichanganya. Ya tope chini ya gunia, nyeupe juu, nikashona. Nikajiambia nani atafungua? Timotheo ananunua kwetu mwaka wa kumi na tano, hajawahi kufungua gunia la Mize.

Alhamisi kafungua. Sijui nani kamwambia. Kaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, kautoa na konzi ya kijivu, kaonja. Akaniuliza, "Bi Mize, hii ndiyo nini?"

Nikasema, "Mvua, baba. Mvua iliingia."

"Mvua gani, Bi Mize? Mwezi wa nane?"

Hakunitukana. Kama angenitukana ningejibu, kinywa ninacho. Alilifunga lile gunia vizuri, akalishona tena kama alivyolikuta, akapangusa mikono, akasema, "Haya mama, Mungu akujalie." Akaenda kwa Najat. Najat alikuwa anatazama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakusema neno. Bora angesema.

Jioni ile ile Sabiha akaja na barua yako. Nikasoma, "usiniulize tena habari ya nyota". Nilikaa pale kwenye kizingiti mpaka Sabiha akanisukuma niingie ndani.

Khairat, mimi ndiye niliyekuuliza. Ulinijibu kurasa mbili, nikajua kitu ambacho hakuna mwanamke wa pwani hii anakijua. Halafu nikakuamuru ushone gunia. Nilikuwa na hofu ya Najat, na hofu ya mchele ulioko chini ya kitanda cha Sabiha, na zaidi ya yote nilikutaka wewe hapa. Nilikutaka kwa kuchoka. Nalala nimechoka, naamka nimechoka, nikasema akija mwanangu nitapumzika. Lakini ningepata mtu wa kukaa nilipomweka na kula, kama ulivyosema. Huyo simtaki.

Na tena nimefikiri. Umesema usiku mmoja, ukungu ule ule, taa zile zile, nyota moja ikatoka na chumvi na nyingine bila. Majaruba yetu na ya Najat yanapata mvua moja. Ya kwangu ikiharibika na yake isiharibike, mvua haina kosa. Timotheo hakuhitaji profesa kulijua hilo.

Zirudishe nyota zako sita. Kama umeshakipeleka, niandikie ukweli, nitaumeza.

Mize binti Yakoub

*

Australia,
14 Septemba 1987

Mama yangu, shikamoo, shikamoo tena.

Simu yako ilinifikia tarehe 3. Ilikaa juu ya kitabu siku nane, kitabu kikiwa kimefungwa kamba tayari. Sikujua kwa nini umesema usipeleke. Nikadhani umefiwa, nikadhani unaumwa, nikadhani mengi. Asubuhi ya tarehe 11 nilikibeba mpaka mlango wa ofisi, nikasimama kama yule mtu wa Mwera aliyesahau mbuzi wake, nikarudi nacho. Barua imefika leo.

Nimekwenda kwa Profesa nikamwambia ninazirudisha. Alikasirika, kisha akachoka, maana naye ni mzee. Akasema kama nina uhakika hivyo niende nikapate nyota nyingine kumi, usiku usio na ukungu, na nyingine kumi kutoka mlima mwingine ulio mbali na mji, usio na taa. Akasema zikiwa na chumvi atatia sahihi, na zikikosa nitazitoa mwenyewe kwa mkono wangu. Nimekubali. Ni haki.

Kwa hiyo sijui, Mama. Hilo lazima ulielewe. Huenda yeye ndiye mwenye kweli. Huenda nitafua mashuka mwaka mzima nikagundua kwamba zilikuwa taa.

Hotelini wamenichukua. Naanza Jumatatu. Usiku wa mlimani wamenipa mwezi wa kumi na moja, na wa mlima wa mbali ni mpaka mwaka kesho. Nyumbani sitafika kabla ya mwisho wa themanini na nane.

Habari ya Timotheo nimeisoma mara moja tu. Sitaisoma tena. Najua ilivyokugharimu kuiandika.

Lakini watu wako umeshawaita. Kuna mchele, kuna kondoo, kuna khanga za sare. Nimekuaibisha mbele ya kila mtu, na sina cha kukutumia cha kuwafunga midomo. Utawaambia nini?

Mwanao anayekupenda,
Khairat

*

Tongoni,
Ijumaa, 2 Oktoba 1987

Khairat mama,

Mwaka kesho mwishoni. Haya. Nimeliandika ukutani kwa mkaa, karibu na cheti changu, ili nisije nikajidanganya kwamba ulisema mapema zaidi. Halafu nikalia kidogo, nikanawa uso, nikaenda kazini. Mashuka ni kazi. Mimi nimefua ya Wagiriki wa mashamba ya katani wakati wewe uko tumboni, sikukwambia tu.

Chumvi ya tope nimeitenga. Magunia yote niliyoyashona nimeyafumua, mimi na Najat, siku tatu. Ndiyo, Najat. Alikuja bila kuitwa na sindano yake. Tulipomaliza akanyoosha mgongo akasema, "Sasa Mize, ile hitima ya mtoto ambaye hajahitimu, tutakuja kula nini?" Nikamwambia, "Pilau." Akacheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka, wallahi sijacheka hivyo tangu masika.

Unaniuliza nitawaambia nini. Nimeshalifikiri. Mchele ukikaa chini ya kitanda mpaka mwaka kesho utaingia fukusi, na kondoo wa watu hawangoji ndege. Nimekwenda kwa Mwalimu Abdulwakil nikamwambia kweli yote, hata ya magunia. Akauliza, "Kwa hiyo msahafu haujafungwa?" Nikasema haujafungwa. Akasema basi siku hiyo tusome dua ya mwenye kusoma, ambaye bado anasoma, iko nzuri tu, watu hawaiombi kwa kuwa wana haraka ya kula.

Maulidi yakiisha, kabla sinia hazijatoka, nitasimama mimi. Wanaume watanisikia kutoka barazani, nitapaza sauti. Nitasema Khairat binti Haroub hajahitimu, na aliyesema kahitimu ni mama yake. Nitasema ana nyota sita zilizomgomea, na mkubwa wake alimwambia azitupe, na mama yake alimwambia azitupe, naye anafua mashuka ya watu kwa ajili ya kuzijua. Nitasema huenda zikawa na chumvi na huenda zikawa hazina, hatujui, mpaka mwaka kesho. Atakayecheka na acheke, nimempikia. Sabiha anasema sitaweza, nitaongeza chumvi mwenyewe kama kawaida yangu. Kaahidi kunifinya.

Usiniandikie kunizuia. Barua hii itakukuta watu wameshakula, wamenawa, wameondoka na mafungu yao ya pilau. Siku itakayokufikia itakuwa ni siku ya kazi, utakuwa na shuka mkononi. Ukipata dakika, kaa chini.

Wito umetoka leo baada ya sala ya Ijumaa, kwa mdomo wangu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na Mabawa na Mwera nimetuma watu. Hakuna aliyekataa. Ni uani kwetu, Jumapili, tarehe kumi na moja Oktoba, baada ya alasiri. Wote wanakuja.

Mama yako,
Mize binti Yakoub